Kimeng'enya Kimekubali, Mmea Umekataa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliokubali kufungiwa ukumbini kusikiliza habari za mafuta: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine hamjambo.

Mezani hapa nina vichupa vitatu. Vyote ni mafuta yaliyotoka kwenye mbegu, na vyote vimelala friji moja usiku kucha. Cha kwanza ni mafuta ya nazi. Nakipindua, hakuna kinachotikisika, yameganda kama mshumaa. Cha pili ni alizeti, hiki kinacheza kama maji. Cha tatu ni mafuta ya mbarika, au nyonyo kama wengine mnavyoyaita. Nakipindua hivi. Walioko mbele wakitazame kiputo cha hewa: kinapanda kama mzee kwenye ngazi, kinapumzika, kinaendelea.

Nitazungumza sana juu ya hivyo viwili vya kwanza, lakini kilichonileta ni hiki cha tatu. Tangu miaka ya 1990 watu wenye vichwa vizuri kuliko changu wamekuwa wakijaribu kuufanya mmea mwingine utengeneze mafuta haya, na mahali walipokwama pananifundisha zaidi ya mahali walipofaulu.

Tuanze na umbo. Molekuli ya mafuta ina gliseroli, kitu kifupi chenye mikono mitatu, na kila mkono umeshika mnyororo wa kaboni uitwao asidi ya mafuta. Minyororo mingi ina kaboni 16 au 18, kila kaboni imevishwa hidrojeni. Tofauti ya chupa na chupa iko kwenye urefu wa mnyororo, na kwenye mahali ambapo hidrojeni mbili zimevuliwa, kaboni mbili jirani zikabaki zimeshikana kwa kifungo maradufu. Hapo mnyororo unapinda. Minyororo iliyonyooka hulala pamoja kama kuni kwenye tita. Iliyopinda haifungiki tita, ukiibana inateleza.

Chukueni mnyororo wa kaboni 18. Ukiwa hauna kifungo maradufu hata kimoja unaitwa asidi ya steariki, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 69. Weka kifungo kimoja katikati, inakuwa oleiki, inayeyuka kwenye 13. Viwili, ni linoleiki, nyuzi 5 chini ya sifuri. Vitatu, ni linoleniki, 11 chini ya sifuri. Mnaona hatua ya kwanza ilivyo kubwa: umevua hidrojeni mbili, umeshusha nyuzi 56.

Mafuta ya nazi yameganda kwa sababu karibu nusu ya minyororo yake ni asidi ya lauriki, mifupi ya kaboni 12, iliyonyooka. Alizeti ya kawaida imejaa linoleiki. Mbarika una jambo lake peke yake. Takriban asilimia 90 ya minyororo yake ina kaboni 18 na kifungo maradufu kimoja, kama oleiki, lakini juu ya kaboni ya 12 pameketi oksijeni iliyoshika hidrojeni, jozi ile ile iliyomo kwenye spiriti. Asidi hiyo inaitwa risinoleiki. Jozi hizo hunasana, mnyororo huu na ule, na ndiyo maana kiputo changu kinapanda kwa taabu. Ndiyo maana pia mafuta haya huchanganyika na spiriti, jambo ambalo alizeti haliwezi, na ndiyo maana marubani wa Vita Kuu ya Kwanza waliyatia kwenye injini za ndege zao: yanalainisha vizuri na hayayeyuki kwenye petroli. Leo yanatoa grisi, vipodozi, na hata nailoni moja inayoitwa nailoni 11.

Sasa, nani anavua hidrojeni, na nani anaweka oksijeni? Vimeng'enya, zile protini zinazofanya kazi za kemia ndani ya seli. Na hapa naomba tukae kidogo, maana watu huvitaja vimeng'enya kana kwamba ni unga wa kunyunyizia.

Fikirieni kazi yenyewe. Mnyororo wa kaboni 18 hauna alama. Ni kamba isiyo na fundo, nawe unaambiwa uishike gizani, uvue hidrojeni mbili kutoka kaboni ya 9 na ya 10, si ya 8, si ya 11, tena uvue pale ambapo hidrojeni zimeshikilia kwa nguvu kuliko karibu popote kwenye kemia ya uhai. Mkemia akiwa na moto na chuma cha kuchochea angeweza kuzivua, lakini angezivua ovyo. Kimeng'enya kinafanya hivyo ndani ya mbegu, kwenye joto la kawaida, bila kukosea.

Kinapimaje? Mwaka 1996 Ylva Lindqvist, Gunter Schneider na wenzao wa Sweden, wakishirikiana na John Shanklin wa maabara ya Brookhaven, New York, walichapisha umbo la kimeng'enya hicho, kile cha mbarika, walichokigandisha kuwa fuwele na kukipiga eksirei. Ndani ya protini waliona atomu mbili za chuma, na kando yake tundu jembamba refu, lililopinda mahali pale pale penye chuma. Mnyororo unaingia mkia mbele. Unasukumwa mpaka ncha yake igote mwisho wa tundu, na ikishagota, kaboni ya 9 na ya 10 zinakuwa zimekaa uso kwa uso na chuma. Tundu ndilo rula. Ni kama mguu ndani ya buti: vidole vikigonga mbele, kisigino hakina uchaguzi.

Mwaka uliofuata Edgar Cahoon, pamoja na Shanklin na wenzao wale wa Sweden, waliijaza ncha ya buti. Walibadili asidi amino mbili tu, yale matofali yanayoijenga protini, wakaweka zenye kuchukua nafasi zaidi, tundu likawa fupi. Kimeng'enya kilichokuwa kikichagua minyororo ya kaboni 18 kikageukia ile ya 16. Kwenye kazi hiyo hiyo walitumia pia kimeng'enya cha Thunbergia alata, ua la kutambaa la rangi ya chungwa lenye kitovu cheusi, ambalo asili yake ni Afrika Mashariki na ambalo mbegu zake hutengeneza asidi ya mafuta isiyo ya kawaida. Hicho nacho wakakigeuza kiwe kama cha mbarika.

Nakiri kwamba nilipousoma mchoro ule mara ya kwanza nilidhani kazi imekwisha. Nikajisemea, basi, tumepata fundi viatu, tumpe vipimo atushonee mafuta tunayoyataka. Nitawaambia nilikosea wapi.

Kwanza niwaondolee wazo kwamba binadamu alisubiri eksirei ndipo aanze kugusa vimeng'enya vya mafuta. Mmea wa rapa, ndugu wa haradali na kabichi, ulikuwa na mafuta yenye asidi ya erusiki kwa wingi, mara nyingi zaidi ya theluthi. Erusiki ni mnyororo mrefu, kaboni 22. Panya wa maabara waliolishwa mafuta hayo kwa wingi walikutwa na mafuta yamejikusanya kwenye misuli ya moyo, na wataalamu wa kuboresha mbegu nchini Kanada wakataka kuiondoa. Shida ilikuwa kwamba ili ujue mafuta ya mbegu lazima uisage, na ukiisaga umeiua. Utamjua bora baada ya kumzika.

Keith Downey na mwenzake kule Saskatoon walipata njia, wakaichapisha mwaka 1963. Naipenda njia hii kuliko mashine zote nilizowahi kuziona. Mbegu ya rapa ina upana wa milimita mbili hivi. Unailoweka ianze kuamka, ganda linateleza na kutoka. Ndani kuna majani mawili ya mbegu yaliyokunjana, la nje limelikumbatia la ndani. Kwa ncha ya kisu unalitoa la nje, taratibu, linakwenda kupimwa. La ndani bado limeshika kijimzizi chake, unalipanda kwenye udongo. Majibu ya kipimo yakija, nusu nyingine ya mbegu hiyo hiyo imeshachipua inakusubiri. Mbegu moja moja, maelfu kwa maelfu, mtu ameinama juu ya meza na kisu.

Wakazipata zile ambazo karibu hazina erusiki. Mwaka 1974 Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba akatoa aina iliyoitwa Tower, yenye erusiki kidogo na pia uchungu kidogo kwenye mashudu, na mazao ya namna hiyo ndiyo yakaja kuitwa kanola. Hakuna aliyejua ndani ya mbegu hizo kimetokea nini. Mwaka 2002 ndipo ikaonyeshwa: kile kimeng'enya kinachorefusha mnyororo kutoka 18 kwenda 22, kwenye rapa isiyo na erusiki, kimebadilika asidi amino moja, ya 282, serini imekuwa fenilalanini. Moja kati ya takriban 500. Waliirudisha serini mahali pake, kimeng'enya kikafufuka. Kwa hiyo Downey na Stefansson walikuwa wamekirekebisha kimeng'enya ambacho hawakuwahi kukiona, kwa kisu.

Nije kwenye alizeti, kile kichupa cha pili. Nikiwa mwanafunzi niliacha kisahani cha mafuta ya kitani wazi dirishani tangu Ijumaa. Jumatatu nilikuta yamefanya ngozi, ukiyagusa yanabonyea kama plastiki, na kisahani hakikuoshika tena. Nilisemwa sana. Kitani kina linoleniki kupita nusu, na penye vifungo maradufu vingi oksijeni ya hewa hupata pa kushika, minyororo inaungana kuwa wavu. Mpaka rangi anafurahi, mpishi hafurahi. Linoleiki nayo huharibika hivyo, takriban mara kumi kwa kasi kuliko oleiki.

Viwanda vya karne iliyopita vilikuwa na dawa yao: pitisha hidrojeni kwenye mafuta penye unga wa nikeli, vifungo vipungue, mafuta yadumu na yagande. Dawa ikaleta ugonjwa wake. Baadhi ya vifungo vilivyobaki viligeuka upande, yakapatikana mafuta ya transi, ambayo yanaudhi moyo kuliko yale yaliyonyooka kwa asili. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliyaondoa mafuta yaliyotiwa hidrojeni nusunusu kwenye orodha ya vitu vinavyohesabiwa salama, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyafute mafuta ya transi ya viwandani.

Njia nyingine ni kumzuia mwizi kabla hajaingia. Mmea hutengeneza oleiki kwanza, kisha kimeng'enya cha pili, kwa jina la maabara FAD2, kinaongeza kifungo cha pili na kuifanya linoleiki. Kifunge kinywa FAD2 na oleiki inabaki. Kwenye alizeti hili lilifanyika mwaka 1976, wakati wa Muungano wa Kisovieti: mtafiti Soldatov aliziloweka mbegu kwenye kemikali ya kuvuruga jeni akapata aina aliyoiita Pervenets, yenye oleiki nyingi ajabu. Miaka mingi baadaye wataalamu waliifungua jeni wakakuta kichekesho. Jeni ya FAD2 haikuvunjika. Ilikuwa imejirudia, sehemu yake ikajibandika ubavuni, na mmea ulipoona nakala hizo zimekaa vibaya ukazinyamazisha zote, ile nzima na ile ya ziada. Kemikali ilisukuma tu. Aliyefunga kinywa ni mmea wenyewe, na alizeti nyingi za oleiki zinazolimwa leo zimerithi ukimya huo.

Kwenye soya kazi imefanyika kwa mkasi mpya, ule wa kuhariri jeni. Soya ya kawaida ina oleiki kama moja ya tano. Mwaka 2014 watafiti walitangaza soya ambazo jeni zake mbili za FAD2 zimekatwa, oleiki ikafika kama asilimia 80, na mwaka 2019 kampuni ya Calyxt ya Marekani ikaanza kuuza mafuta yake.

Mtauliza, mbona wamekata mbili, si zote? Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwamba yule fundi viatu wangu hatoshi. Kuna kijimea kinaitwa Arabidopsis, jamii ya haradali, ambacho sisi wa mimea tunakitumia kama wenzetu wa tiba wanavyowatumia panya. Ukiivunja FAD2 yake, kwenye nyuzijoto 22 kinastawi, hutakitofautisha na wenzake. Kihamishie kwenye nyuzi 6. Majani yanadumaa, yananyauka, kinakufa. Hayo yalichapishwa mwaka 1993. Linoleiki si ya kwenye chupa tu. Ndiyo inayozilainisha tando za seli baridi inapokuja, na kimeng'enya hiki hakikuwekwa pale kwa ajili ya kikaango. Soya ina bahati ya kuwa na nakala za FAD2 zinazofanya kazi hasa kwenye mbegu, na nyingine kwa ajili ya majani na mizizi. Unazikata za mbegu, unaziacha za mwili.

Kukata ni rahisi hata hivyo. Kuongeza ndiko kunakotoa jasho.

Kule California kuna mti wa jamii ya mlaurusi ambao mbegu zake zimejaa lauriki, asidi ile ya kwenye nazi. Mnyororo wa mafuta hujengwa kwa kuongezwa kaboni mbili mbili, na kwenye mti huo kuna kimeng'enya kinachoukata ukifika 12 badala ya kuuacha uende 16 au 18. Kampuni ya Calgene ilichukua jeni yake, ikaonyesha mwaka 1992 kwamba inafanya kazi kwenye mmea mwingine, kisha ikaipeleka kwenye kanola. Kibali cha Marekani kikatoka mwaka 1994. Kanola, ambayo kwa asili haina lauriki ya kuitaja, ikatoa kama asilimia 40. Ulikuwa ushindi, na sitaki kuupunguza.

Ila wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa jembe akalima kweli kweli, na mwenyeji akawa anakuja nyuma yake akiyang'oa. Mwaka 1998 John Ohlrogge na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan State walipima mbegu ambazo kimeng'enya kile kilikuwa na nguvu sana, wakakuta mmea umeamsha pia njia ya kuvunja asidi za mafuta. Lauriki inajengwa hapa, inachomwa pale, usiku na mchana. Na kulikuwa na lingine. Ile mikono mitatu ya gliseroli, wa kati una bawabu wake, kimeng'enya kinachochagua nani ashikwe hapo. Bawabu wa kanola hakumjua mgeni mwenye kaboni 12, akamkatalia. Ikabidi waletwe na bawabu wa mnazi, mwaka 1999, ndipo mkono wa kati ukaanza kupokea lauriki. Kanola hiyo haikudumu sokoni. Nazi na mbegu za mchikichi ziliendelea kuitoa lauriki kwa bei ambayo mgeni hakuiweza.

Sasa kichupa changu. Kiputo kimeshafika juu, nakipindua tena.

Mwaka 1995 kikundi cha mtafiti wa mimea Chris Somerville kiliipata jeni ya kimeng'enya kinachoweka oksijeni kwenye mafuta ya mbarika. Walipoisoma walikuta ni ndugu wa FAD2, ndugu wa tumbo moja. Mmoja anavua hidrojeni kwenye kaboni ya 12 na ya 13. Mwingine anasimama pale pale, kwenye ile ile ya 12, lakini badala ya kuvua anaacha oksijeni. Kwa hiyo Pierre Broun, Shanklin, Somerville na mwenzao wakauliza swali ambalo mtoto angeuliza: wanatofautiana wapi? Protini hizi zina asidi amino karibu 380. Wakazilinganisha, wakachagua zile ambazo wavuaji wote wanafanana na wawekaji wameachana nazo, wakaanza kuzihamisha. Jibu, mwaka 1998: badilisha nne tu, na mvuaji anakuwa mwekaji. Badilisha sita upande wa pili, na mwekaji anakuwa mvuaji.

Nne! Nilikuwa sijaacha kushangaa lile tundu la buti, likaja hili. Na ukoo huo wa FAD2 una ndugu wengine wengi. Kuna wanaofunga oksijeni iwe kama daraja juu ya kaboni mbili, kuna wanaotengeneza vifungo vitatu, kuna wanaopanga vifungo maradufu mfululizo kama kwenye mafuta ya mti uitwao tung, yanayopakwa mbao. Mimea imeshajulikana kuwa na zaidi ya aina 300 za asidi za mafuta, na sehemu kubwa ya utajiri huo imetokana na ukoo mmoja uliokuwa ukibadilisha amino hapa na pale.

Mbarika wenyewe una tabu zake. Mbegu yake ina risini, sumu kali, na watu wanaoishughulikia hupata mzio. Basi kila mtu akasema, tuichukue jeni ya mbarika tuitie kwenye mmea mpole, tupate mafuta bila sumu. Wakaitia kwenye Arabidopsis. Kimeng'enya kikafanya kazi. Mmea ukatoa risinoleiki na jamaa zake kama asilimia 17.

Asilimia 17, na mbarika una 90. Jeni ni ile ile, kimeng'enya ni kile kile.

Ilichukua miaka kuelewa. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi kwenye mafuta ya akiba. Kinafanya kazi kwenye utando wa seli, mnyororo ukiwa umeshikizwa kwenye molekuli ya utando. Oleiki inaingizwa utandoni, inabadilishwa, kisha lazima itolewe na kupelekwa kwenye akiba. Mbarika una vimeng'enya vyake vya kutoa, vinavyoujua mnyororo wenye oksijeni na kuuchukua upesi. Arabidopsis haina. Mnyororo mpya unabaki utandoni kama abiria aliyepitishwa kituo, hashuki, na wengine wanashindwa kupanda. Seli inahisi msongamano, na inapunguza kutengeneza asidi za mafuta zote, si zile ngeni peke yake. Mbegu zinakuwa na mafuta machache, na nyingine zinaota kwa shida. Fundi viatu alishona buti zuri, lakini mlango wa duka ulikuwa umefungwa.

Walipoleta kimeng'enya kimoja cha mbarika kinachoupachika mnyororo kwenye mafuta ya akiba, kiitwacho DGAT2, mwaka 2008, kiasi kikapanda hadi karibu asilimia 30. Wameongeza vingine tangu hapo, na kila kimoja kinapandisha kidogo. Sasa hakuna anayesema tena juu ya kuhamisha kimeng'enya. Wanasema juu ya kuhamisha nyumba, na jikoni lake, na ngazi zake.

Walioukwepa mlango huo ni wale wa omega-3. Mafuta ya samaki yanayosifiwa, EPA na DHA, kwa asili hutengenezwa na mwani mdogo wa baharini, samaki huyapata kwa kula. DHA ina kaboni 22 na vifungo maradufu sita, kwa hiyo kuitengeneza kwenye mbegu kunahitaji vimeng'enya vinavyopokezana kama wakimbiaji wa kijiti. Majaribio ya mwanzo yalikwama pale pale, mnyororo ukiingia utandoni na kutotoka. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, likachagua kwenye mwani kimeng'enya ambacho hakihitaji mnyororo uingie utandoni kwenye hatua ile ya hatari. Kanola yao, yenye jeni saba za kigeni za kutengeneza DHA, ilipata kibali Australia mwaka 2018. Uingereza, kituo cha Rothamsted kilikuwa kimeanza kujaribu shambani mmea wa kamelina wa namna hiyo tangu 2014.

Huwa naulizwa kama kula mafuta haya ni kula jeni. Mafuta yaliyosafishwa karibu hayana protini wala jeni, na oleiki ya soya iliyohaririwa ni molekuli ile ile ya oleiki ya zeituni, hakuna kipimo kitakachozitenganisha. Mimi ningeuliza lingine. Rapa yenye erusiki nyingi bado inalimwa, kwa makusudi, maana erusiki inatengeneza kitu kinachozuia mifuko ya plastiki isigandamane. Mbegu yake na mbegu ya kanola ya kula ziweke kiganjani: zote nyeusi, zote milimita mbili. Chavua ya shamba moja inafika shamba la jirani. Lori lisilofagiwa linatosha. Wakulima wa mazao hayo wanaishi na mikataba ya umbali kati ya shamba na shamba, maghala mbalimbali, vipimo mlangoni. Mtu akiniambia ana mmea mpya wenye mafuta ya ajabu, kabla sijamuuliza ni salama kiasi gani namuuliza utasafirishwa kwa gunia gani, na nani atalifagia lori.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye swali anyooshe mkono, na vichupa naviacha hapa mezani, atakaye aje avipindue mwenyewe. Cha nazi kimeanza kuyeyuka pembeni.